Unda kilugha chako cha programu, cha fankshoni, ambacho hakipotezi kilo za korosho

Chukua ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Tandahimba msimu umechanganya, makarani wawili wanapima kwenye mizani mbili na simu zao zinaandika kwenye jumla moja. Jumla ni kilo 5000, wa kwanza anaisoma, wa pili nae anaisoma kabla mwenzake hajaandika, huyu anaongeza 300 anaandika 5300, yule anaongeza 200 anaandika 5200, basi kilo 300 za mkulima zimeyeyuka na programu haijalalamika hata kidogo. Loki (kufuli linalomruhusu mmoja tu aguse jumla kwa wakati) zinasaidia ila programa inabidi akumbuke kuziweka kila mahali, mimi nataka lugha yenyewe ikatae.

Hatua ya 1: ondoa kubadilisha thamani. Jina likishapewa thamani ndo basi. Kwenye sarufi ya lugha yako usiweke kabisa njia ya kulipatia jina thamani nyingine, hata kanjia kadogo, maana kakiwepo kila mtu atapitia humo. Na usiogope memori, orodha mpya inaweza kutumia kipande cha orodha ya zamani bila kukinakili, hakuna atakayekigusa.

Hatua ya 2: jumla iwe na mwenyewe mmoja. Hapa fuata lugha ya Erlang, ilianzia kampuni ya Ericsson mwaka 1986 kwa kina Joe Armstrong kwa ajili ya mitambo ya simu: kila prosesi (kazi moja inayojiendesha yenyewe) ina memori yake na zinaongea kwa meseji tu.

```
ghala(jumla) =
  pokea
    Ingiza(kilo, karani) ->
      tuma(karani, Imeingia)
      ghala(jumla + kilo)
    Uliza(nani) ->
      tuma(nani, jumla)
      ghala(jumla)
```

Meseji zinashughulikiwa moja moja, kwa hiyo ule mgongano wa 5300 na 5200 hauandikiki. Angalia ghala inajiita yenyewe mwishoni, kompaila yako (inayotafsiri kodi kwa ajili ya mashine) lazima iligeuze hilo kuwa kuruka kurudi juu, la sivyo steki (memori inayokumbuka miito ambayo haijaisha) itajaa kabla msimu haujaisha.

Hatua ya 3: anwani ya prosesi iwe na aina. Andika Anwani[Ingiza | Uliza], yaani inapokea meseji hizo mbili tu, alafu kompaila imkatae anayetuma Futa. Kwenye Erlang meseji isiyolingana na chochote inabaki tu kwenye inboksi (foleni ya meseji za prosesi), na inboksi yenyewe kwa kawaida haina kikomo.

Hatua ya 4: weka kikomo cha inboksi. Hii ndo ngumu na ndo wengi wanairuka. Ukisema inboksi ikijaa mtumaji asubiri, prosesi mbili zenye inboksi zilizojaa zikitumiana kila moja itamsubiri mwenzake milele, yaani umetoa loki ukarudisha ugonjwa wa loki. Mi napendelea tuma irudishe Imepokelewa au Imejaa, na kompaila imlazimishe programa kujibu zote mbili (hapo juu nimeacha ili isomeke).

Hatua ya 5: jaribu. Washa prosesi 1000, kila moja itume Ingiza ya kilo 1, ngoja Imeingia zote 1000 zirudi ndo utume Uliza. Usiulize kabla, mpangilio wa meseji una uhakika kati ya prosesi mbili tu, sio kati ya watumaji tofauti. Ukipata 999 rudi hatua ya 2. Na kama mtandao wa kijijini utamfanya karani atume tena mzigo uleule, lugha haitakuokoa, weka namba ya risiti ndani ya Ingiza na ghala iikatae ikijirudia.