Apdeti za usalama: ianze gani, ingoje gani? Mwongozo wa timu ndogo za IT Nairobi

Kama mko IT watu wawili au watatu, na mnaangalia laptopu kama themanini, seva kadhaa, fayawoli moja (kifaa kinachochuja kinachoingia na kutoka kwa mtandao), ruta za MikroTik kwa branchi za Thika Road na Mombasa Road, na ile mashine ya CCTV ambayo paswadi yake iliondoka na fundi aliyeifunga, basi hamwezi kuapdeti kila kitu kila wiki. Hakuna mtu anaweza. Kwa hivyo kazi yenyewe ni kupanga foleni. Na wengi foleni huipanga vibaya, wanaanza na laptopu za stafu kwa sababu ndizo rahisi na ndizo zinaonekana, halafu fayawoli inakaa mwaka mzima na toleo lilelile la siku iliyotoka kwa boksi. Hiyo ni kupaka mabati rangi na mlango hauna kufuli.

Kwanza ujue uko na nini

Fungua karatasi ya Excel, usingoje kununuliwa programu ya bei. Kila kifaa mstari wake: kinaitwaje, kinatumia toleo gani, kinaonekana kutoka nje kwa intaneti ama la, kimebeba data gani, na nani ana ruhusa ya kusema "sawa, kizimeni". Hiyo safu ya mwisho watu huiruka, halafu siku ya siku mnajikuta saa nne asubuhi mnatafutana kwa simu nani akubali seva izimwe, na mwenye kukubali yuko mkutanoni Upper Hill, hashiki simu.

Usiandike orodha ukiwa umekaa. Tembea ofisi. Angalia chini ya meza ya mhasibu, mara nyingi kuna deskitopu moja imefunikwa na mafaili ambayo ndiyo "seva" ya programu ya hesabu, na haijawahi kuzimwa tangu aliyeileta aache kazi. Angalia ruta ya branchi, printa za mtandao, ile ya kugonga kidole asubuhi. Zote ni kompyuta hata kama hazina skrini.

Halafu toka nje ya mtandao wako. Zima wifi ya ofisi, tumia bundles za simu yako, na uangalie IP za ofisi (anwani zake kwa intaneti) kutoka huko, ukitumia nmap, programu ya kukagua milango iliyo wazi, kama unaijua. Milango ambayo hukujua iko wazi utaiona hapo: ya kuingia seva kwa mbali, ya Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), ya CCTV iliyofunguliwa ili bosi aangalie kamera akiwa nyumbani. Lakini angalia IP zenu tu, na uwe na ruhusa ya ofisi kwa maandishi, kwa sababu sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 haitajali kwamba ulikuwa unafanya majaribio.

Alama peke yake isikutishe

Karibu kila tundu la usalama, yaani kasoro ya programu inayompa mvamizi njia, hupewa alama ya ukali inayoitwa CVSS kutoka 0 hadi 10, na vichwa vya habari hupenda hizo 9.8. Shida ni kwamba alama hiyo haijui ofisi yako. Tundu la 9.8 kwa programu iliyo kwa kompyuta moja isiyoguswa na intaneti linaweza kungoja wiki ijayo, lakini la 7.5 kwa VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) inayoonekana na dunia nzima halingoji hata Ijumaa.

Mimi naona maswali matatu yanatosha. Mtu aliye nje anaweza kukifikia hicho kitu bila kuwa na paswadi yetu? Kuna watu tayari wanalitumia hilo tundu kuvamia? Kikianguka, nini kinasimama hapa ofisini?

La pili lina jibu la bure. Shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, tangu Novemba 2021 linaweka orodha inaitwa KEV ya matundu ambayo imethibitishwa yanatumika kwa mashambulizi ya kweli. Imetengenezewa ofisi zao lakini iko wazi kwa kila mtu, na matundu ni yaleyale ya hapa. Kila asubuhi ukikunywa chai pitisha macho, ukiona jina la kitu kiko kwa Excel yako, hicho kimepanda mbele ya foleni. Kuna pia EPSS, inakadiria uwezekano wa tundu kutumiwa ndani ya siku 30 zijazo, inasaidia kupanga zile zilizobaki kati. Na KE-CIRT ya hapa nyumbani, kitengo cha kukabili mashambulizi ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa tahadhari zake, zifuate.

Ukijibu ndio kwa swali la kwanza na la pili, hiyo ni ya leo, ikizidi sana kesho. Hamna kungoja mkutano wa wiki. Na kama apdeti bado haijatoka, funga huo mlango kwa muda, watu walalamike kidogo.

Chukua MikroTik kwa mfano kwa sababu hapa zimejaa kila mahali. Mwaka wa 2018 palipatikana tundu kwa Winbox lililomruhusu mtu wa nje kuchota mafaili ya ruta, pamoja na paswadi. Pachi, yaani apdeti ya kuziba tundu, ilitoka Aprili mwaka huohuo. Miezi ilipita na bado maelfu kwa maelfu ya ruta duniani zilikuwa zimetekwa zinachimba sarafu za kidijitali kwa faida ya watu wengine, si kwa sababu dawa haikuwepo bali kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameingia kwa ruta tangu ifungwe ukutani. Tundu la VPN ya kampuni ya Fortinet lililopachiwa 2019 lilikuwa na mwendo kama huo, na likaongeza funzo lingine: mwaka wa 2021 paswadi zilizochotwa kupitia tundu hilo zilimwagwa mtandaoni, na aliyekuwa amepachi bila kubadilisha paswadi bado alikuwa wazi. Kwa hivyo kwa fayawoli na VPN, apdeti na kubadilisha paswadi ziende pamoja.

Foleni yangu kwa kawaida iko hivi: vitu vinavyotazama intaneti kwanza, yaani fayawoli, VPN, ruta, seva ya barua pepe na tovuti. Halafu brauza na laptopu za watu wanaofungua viambatisho siku nzima, hapo hesabu, HR na mapokezi. Halafu seva za ndani, lakini ile inayotunza akaunti na paswadi za wote isihesabiwe kama seva ya kawaida, ipandishe. Na mashine ya bekapu pia ipandishe, kwa sababu wanaofunga mafaili na kudai fidia huitafuta hiyo mapema.

Kalenda, hapa ndipo Nairobi inaingia

Microsoft hutoa apdeti zake kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi yao huko pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, ama saa tatu wakati wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hivyo usikae ofisini ukingoja, utaziona Jumatano asubuhi.

Jumatano weka kwa mashine za IT na za watu wachache wa kujaribu. Chagua vizuri hao watu. Usimchukue bosi, na usichukue wale hawatumii chochote isipokuwa barua pepe, chukua mmoja wa hesabu anayeingia eTIMS na iTax, mifumo ya kodi ya KRA, kila siku, mmoja mwenye printa ya zamani, mmoja wa mauzo anayefanyia kazi nyumbani kwa VPN. Kama kuna kitu kitaharibika, kitaharibikia kwao. Wape hadi Ijumaa. Jumatatu inayofuata anza kusambaza kwa wengine, nusu kwanza halafu nusu.

Sasa hesabu na tarehe za KRA. Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14. PAYE (kodi ya mishahara) ni tarehe 9, VAT ni tarehe 20, na mwisho wa mwezi kuna mishahara. Jumanne ikiwa tarehe 8, una nafasi kubwa, wote wamemaliza kabla ya 20, ila yule wa hesabu wa kujaribu aanze Alhamisi kwa sababu Jumatano ni 9 ya PAYE. Ikiwa tarehe 14, Jumatatu yako ya kusambaza ni tarehe 20 yenyewe, na ukizima mashine ya hesabu siku hiyo utajua haujui, kwa hivyo kundi la hesabu lisogeze 21 na uendelee na wengine. Andika hivi kwa kalenda ya ofisi mwaka mzima mapema, watu wakizoea hawapigi kelele.

Kuna mtu atakukumbusha Julai 19, 2024, siku apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, iliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5 duniani na ndege zikakwama. Ni kweli, na ndiyo sababu tunaenda kwa makundi. Lakini isiwe kisingizio cha kutoapdeti kabisa. Pachi ya tundu lililotumiwa na WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, ilitoka Machi 14, 2017, shambulio likaja Mei 12, hiyo ni karibu miezi miwili ya kujipanga na bado hospitali za Uingereza zilirudi kuandika kwa karatasi.

Kuhusu stima: fayawoli au ruta isiguswe programu yake ya ndani kama haiko kwa UPS (betri ya akiba), stima ikikatika katikati unaweza kubaki na tofali, kifaa kisichowaka tena. Angalia notisi za kukatwa stima za mtaa wenu kabla ya kuchagua usiku. Hifadhi mipangilio yake nje kwanza, kwa faili, na uhakikishe hiyo faili inafunguka. Na kama intaneti ya branchi ni nyembamba, washa ile huduma ya Windows ya kugawana apdeti kati ya mashine za ofisi moja, sehemu kubwa ishuke mara moja badala ya kila laptopu kujivutia yake.

Haijaisha kama haijaristati

Hii ndiyo mahali ripoti nyingi hudanganya. Ripoti inasema apdeti imewekwa, lakini mwenye laptopu hufunga tu kifuniko anaenda zake, wiki tatu. Tena kwa Windows, Shut down ya kawaida mara nyingi haizimi kila kitu kwa sababu ya ile mbinu ya kuwaka haraka, kwa hivyo waambie watu Restart. Tuma kwa grupu ya WhatsApp kitu kifupi:

"Habari wapendwa. Leo saa kumi na moja jioni kabla mtoke: hifadhi kazi yako, chomeka chaja, bonyeza Restart (si Shut down). Inaweza kuchukua hadi nusu saa, usiizime. Kesho ukiona kitu hakifanyi vile huwa kinafanya, nipigie kabla uanze kazi, sio mchana."

Kwa Ubuntu, angalia kama kuna faili /var/run/reboot-required. Ikiwepo, seva bado inatembea na kernel (kiini cha mfumo) au sehemu nyingine ya zamani hata kama umepachi. Na Chrome hadi ifungwe na kufunguliwa ni ileile ya jana, wale wenye tabo hamsini mnajijua.

Vizee

Windows 10 iliacha kupata apdeti za kawaida Oktoba 14, 2025. Aliye nazo anunue muda wa nyongeza au apange kuzibadilisha. Mkienda Luthuli ama Moi Avenue kununua kompyuta za ex-UK, zilizotumika Uingereza, msiangalie RAM na SSD tu, kama ni ya Intel ulizeni prosesa ni ya kizazi gani, chini ya cha nane, isipokuwa chache sana, Windows 11 haiikubali rasmi na utakuwa umenunua shida mpya kwa bei ya zamani. Kwa CCTV na vifaa ambavyo havitapata apdeti tena, vitoe kwa mtandao wa kompyuta, viweke kwa VLAN yao (kipande cha mtandao kilichotengwa), na ufunge njia yoyote ya kuingia moja kwa moja kutoka nje. Bosi akitaka kamera, aingie kwa VPN.

Bosi akikataa muda wa kuzima

Usimwelezee matundu. Mwambie sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale data za watu zikivuja kwa njia ya kuwaletea madhara, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo. Halafu mwombe saa mbili za Jumamosi jioni. Akikataa bado ni haki yake, lakini iandikwe kwa barua pepe: kifaa gani, tundu gani, nani amesema kingoje, na tarehe gani tutakiangalia tena. Weka hiyo tarehe kwa Excel yako, ifike umtumie barua pepe ileile.