Namna ya Kujibu Maswali ya Marafiki Kuhusu Unayoyapenda na Aibu za Ujana Wako

Katika baraza letu la Jumamosi, hapa Dodoma, maswali huanza kahawa ya pili inapomiminwa. Mtu huuliza, bila utangulizi wowote, ni mboga gani inayokushinda, au ni jambo gani la ujana wako ambalo ukilikumbuka usiku unajifunika shuka hadi usoni ingawa chumbani hamna mtu mwingine. Wengi wetu hujibu vibaya, ama kwa kukwepa, ama kwa kumwaga kila kitu, na nimeona urafiki uliokuwa ukienda vizuri ukipoa kwa sababu ya jibu moja la namna hiyo.

Hapa mjini maswali haya yameongezeka kwa sababu inayoeleweka. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, miaka zaidi ya 40 baada ya uamuzi wa mwaka 1973, watu kutoka Dar es Salaam, Mbeya, Bukoba na Tanga wamejikuta majirani wa Nzuguni, Kisasa na Iyumbu bila kuwa na utoto wa pamoja wa kukumbushana. Aliyesoma nawe darasa la tatu hana haja ya kukuuliza ulikuwa mtoto wa namna gani, kwa sababu alikuona. Mgeni hana njia nyingine isipokuwa kuuliza, na anachouliza mara nyingi si kile anachotaka kukijua: akikuuliza juu ya nyimbo ulizozipenda ukiwa na miaka 16, anatafuta mahali pa kukaa ndani ya maisha yako.

Kwa hiyo jibu linalofaa, kwa maoni yangu, ni lile lenye kitu kimoja kinachoonekana, na kitu hicho kiwe chako mwenyewe. Nusu ya kwanza ya kanuni hii inahusu zaidi maswali ya mapendeleo, na nusu ya pili inahusu maswali ya aibu, ambako ndiko watu wanakoumizana.

Ukiulizwa unapenda nini, usijibu kwamba wewe huchagui. Jibu hilo linaonekana la adabu, lakini limemwacha mwenzako mikono mitupu, na swali litakalofuata atampelekea mtu mwingine. Usitoe orodha pia. Chukua kitu kimoja, kisha kiweke mahali pake na wakati wake. Ukiulizwa tunda, kusema zabibu peke yake hakutoshi, kwa kuwa katika mji huu kila mtu atasema zabibu. Lakini zabibu za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, nawe unaweza kueleza ni mavuno yapi unayoyangojea na kwa nini. Mimi hungojea yale ya kiangazi, ambayo mvua haijayatia maji, na hukiri kwamba kilo moja ninayonunua barabarani haijawahi kufika nyumbani ikiwa kilo moja. Baada ya maneno hayo mwenzako ana cha kushika: atauliza ninanunulia wapi, au atabisha kwamba za masika ndizo bora, na mazungumzo yataendelea bila kusukumwa.

Swali la kitu usichokipenda linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kile kinachokushinda wewe huenda ndicho alicholelewa nacho mwenyeji wako. Mwenzetu mmoja aliyehamia kutoka pwani aliulizwa swali hili Chamwino, nyumbani kwa mama wa rafiki yetu, wakati bakuli la mlenda wa majani makavu uliotiwa karanga lilikuwa limekwisha kuwekwa mbele yake. Alichovya tonge, akaliinua, na ule mlenda ukamfuata kama uzi kutoka kwenye bakuli hadi kidevuni, ukakatikia kwenye shati. Sote tulinyamaza. Yeye akasema, "Mama, mlenda unanishinda mkono, haunishindi mdomo. Ukifika kinywani ni mtamu, ila njiani unanitia aibu." Mama alicheka hadi akaweka chini kitambaa alichokuwa amekishika, kisha akasogeza kigoda, akachukua tonge lake mwenyewe, akalichovya, akalizungusha mara moja na kuukata ule uzi kwenye ukingo wa bakuli. "Hivyo," akasema. "Sasa wewe."

Tazama alichokifanya bwana yule. Hakudanganya, kwa maana kweli mlenda ulikuwa unamsumbua, lakini lawama aliitwika mkono wake badala ya kukitwika chakula cha watu. Angesema kwamba yeye hali vitu vinavyoteleza, angekuwa amesema kweli hiyo hiyo na kumtukana mama aliyeyakausha yale majani wakati wa mvua ili yamfikishe kiangazi. Maneno kama "sijaizoea", "bado najifunza" na "kwetu haikuwepo" si unafiki, ni kweli iliyosemwa kwa upande usiomgonga mtu.

Kuhusu Simba na Yanga, jibu tu, tena haraka. Hakuna jibu la katikati ambalo Mtanzania atakuamini ukilitoa.

Sasa tuje kwenye aibu za ujana. Nitatumia kisa changu, kwa sababu nimekisimulia mara mbili, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na tofauti kati ya mara hizo mbili ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua juu ya jambo hili.

Nilipokuwa kijana, mtindo wa nywele uliotutoa roho ulikuwa kalikiti, zile nywele zilizotiwa dawa zikajikunja na kulazimu kupakwa mafuta mengi kila siku ili zing'ae na kudondosha matone shingoni. Mwezi wa nane nilialikwa harusini mjini, nami nikiwa kijijini upande wa Kongwa. Nilipaka mafuta asubuhi kwa ukarimu usio na kipimo, nikavaa shati jeupe, nikapanda juu ya lori la magunia. Yeyote anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane, upepo wake na vumbi lake jekundu, amekwisha kuuona mwisho wa safari ile. Niliposhuka, nilidhani watu wananitazama kwa kuvutiwa. Ni mtoto mdogo aliyeniambia, kwa huruma kabisa, kwamba nina tofali kichwani. Nilipojishika, nywele zilikuwa zimekuwa ganda, na nilipoligonga kwa kidole lilitoa sauti. Niliingia harusini nikiwa nimejifunga khanga ya bibi mmoja nisiyemjua.

Mara ya kwanza kukisimulia kisa hiki mbele ya marafiki, niliongeza kipande kimoja ambacho niliona kinakinogesha: kwamba mafuta yale yalinunuliwa na binamu yangu wa kike kwa fedha aliyoichomoa kwenye mchango wa upatu wa mama yake. Watu walicheka sana. Kijana mmoja pembeni hakucheka, nami nilikumbuka nikiwa nimechelewa kwamba ni mtoto wa binamu yangu yule, ambaye leo ndiye anayetunza fedha za kikundi cha akina mama mtaani kwake. Nililazimika kwenda kwake kesho yake na kuomba radhi, naye akanijibu kwa sentensi moja ambayo sitaisahau: "Kaka, kichwa kilikuwa chako, ungebaki na kichwa."

Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kwamba aibu unayoitoa iwe yako mwenyewe. Aibu nyingi za ujana zina watu wawili au watatu ndani yake: aliyeandikiwa barua, aliyekusindikiza, aliyekufungulia mlango usiku. Wewe umepata ruhusa ya kucheka kwa sababu umekwisha kuvuka, lakini hujui kama wao wamevuka, na hawapo kuulizwa. Kabla hujafungua kinywa, pitia kisa chako kimoyomoyo na umwondoe kila mtu asiyekuwepo barazani. Kikibaki kimesimama, kisimulie. Kikianguka bila wao, basi hakikuwa chako. Kisa changu cha nywele, baada ya binamu kuondolewa, hakikupungua hata chembe. Nilipokisimulia mara ya pili, watu walitaka kujua zaidi habari za khanga.

Kuna pia vidonda ambavyo havijafunga. Kipimo changu ni kujiuliza kama nitaweza kucheka pale mtu mwingine atakaponimalizia kisa hicho mbele za watu, kwa kuwa hicho ndicho kitakachotokea. Ikiwa wazo hilo linanikaza kifua, kisa hicho bado hakijaiva, hata kama kina miaka 30. Urefu wa muda peke yake si ushahidi. Mtu anaweza kuucheka mtihani alioufeli mwaka jana na asiweze kulitaja jina la utani alilopewa darasa la nne.

Angalia vilevile ni nani waliokaa. Utani una njia zake katika jamii zetu za kati kama ilivyo kwingine nchini: mjukuu humwuliza babu yake jambo ambalo mtoto hathubutu kumwuliza baba, binamu hutaniana kwa maneno ambayo ndugu wa tumbo moja hawayatamki, na mtani wa kabila husema msibani neno ambalo mwingine akilisema atatolewa nje. Kwa hiyo kisa kile kile chaweza kuwa kitamu kwa watani na kuwa utovu wa adabu mbele ya mkwe. Mzee akiingia katikati ya kisa chako, si lazima ukate ghafla na kuwafanya wote watazame miguu yao. Fupisha, ruka ulichokusudia kukiruka, msalimu mzee kwa heshima yake, na umalizie baadaye au usimalizie kabisa.

Maswali mengine yamevaa nguo za mchezo lakini kazi yake ni nyingine. Katika makundi ya WhatsApp huzunguka zile orodha za "tujuane", ambamo unaulizwa shule yako ya kwanza ya msingi, jina la ukoo la mama yako, mwaka uliozaliwa na jina la mnyama uliyemfuga. Hayo ndiyo maswali ambayo huduma nyingi za mtandaoni huyatumia kukutambua unaposahau nywila, na wako watu wengi ambao namba yao ya siri ya kutuma fedha ni mwaka wao wa kuzaliwa. Jibu maswali ya namna hiyo kwa mzaha ulio dhahiri, au yapite. Barazani maneno huishia barazani kwa kiasi fulani, lakini ujumbe wa sauti uliourekodi saa nne usiku huku ukicheka unaweza kufika kwa mwajiri wako kabla ya chai ya asubuhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, nami naiheshimu, ila sijui mtu aliyewahi kuitumia kuzirudisha kinywani sentensi zake mwenyewe.

Vipi ukiulizwa jambo usilotaka kulijibu? Usikasirike, na usimwulize mwenzako kwa nini anakuuliza, kwa maana swali hilo litaligeuza baraza kuwa mahakama. Kataa kwa ufupi kisha utoe kingine mahali pake. Unaweza kusema, "Hicho bado kina moto, ngojeni nikiepue, lakini nitawapa cha siku niliyowasalimia walimu wote mstarini nikiwa nimevaa sweta nje ndani." Watu waliokaa kwa nia njema huridhika na kibadala, kwa kuwa walichotaka ni kushirikishwa, wala hawakukusudia kupekua. Akitokea anayelirudia swali lile lile mara ya tatu, huyo haulizi tena kirafiki, nawe una haki ya kunyanyuka kwenda kutafuta kashata.

Usijibu kwa urefu kupita aliyekutangulia. Kama yeye alitoa dakika mbili nawe ukatoa kumi na tano, umegeuza zamu kuwa hotuba. Ukimaliza, mrudishie swali mwulizaji mwenyewe, si mtu wa tatu aliyekaa kimya, kwa sababu aliyekaa kimya huenda anatafuta kisa kisichomkaza kifua, naye apewe nafasi ya kukitafuta. Na atakapokupa chake, kisikilize hadi mwisho bila kukizidi kwa chako. Tabia ya kusema "hiyo si kitu, subiri usikie yangu" imezima mabaraza mengi mazuri.

Hatimaye kisa chako kitaondoka mikononi mwako. Kitasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kwa makosa mengi, na kazi yako hapo ni kuyaacha yapite yote isipokuwa lile moja linalokukera. Wiki mbili zilizopita nilikikuta changu kikisimuliwa na jirani kutoka Tanga kwa mgeni aliyeshuka siku hiyo kwenye treni ya SGR. Nilimwacha aligeuze lori kuwa basi na harusi kuwa kipaimara. Aliposema kwamba kichwa changu kilikuwa chekundu kama nyanya, ndipo nilipoweka kikombe chini na kumsahihisha: tofali.