Bagi gani inatosha kutoa toleo la marekebisho?

Sio kila bagi (kosa kwenye programu) ni ya kukimbilia kutoa toleo jipya, anayepiga kelele sana sio lazima ndo awe na dharura. Mi huanza na swali moja: data ya mtu inapotea au inaharibika? Kama ndio, acha mengine yote, rekebisha utoe leo leo. Usalama nao hivyo hivyo, Heartbleed ya 2014, tundu la usalama kwenye OpenSSL (programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni), haikusubiri ratiba, OpenSSL walitoa toleo la 1.0.1g siku ileile ilipotangazwa.

Halafu angalia kama ilikuwepo tangu zamani au imeingia na toleo la juzi, maana kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana kikigoma leo watu wanaacha kuapdeti kabisa, hiyo mi naipa uzito sana. Kuna njia ya kuikwepa? Basi iandike wazi, bagi isubiri zingine. Rangi ya batani hata usijadili.

Ukiamua kutoa, toka toleo la 2.4.1 nenda 2.4.2 na marekebisho hayo tu, usichomekee kitu kipya eti "si tunatoa tu", hapo ndo bagi nyingine huingilia. Na kama marekebisho yenyewe yanagusa nusu ya kodi ya programu (maandishi yanayoiendesha), wape watu wachache wajaribu kwanza.