Lushoto usiende na kurudi siku moja: namna ya kuutembea mji na milima yake

Watu wengi wanaoniuliza Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, kuna nini wanataka wapande Jumamosi asubuhi, wapige picha Irente kwenye ukingo wa mlima, waposti, Jumapili mchana wawe wameshashuka. Unaweza, hakuna wa kukukataza, ila kuna uwezekano mkubwa utakuwa umelipa nauli kwenda kuangalia ukungu. Mi nasema lala usiku mbili, tatu kama una nafasi, na utembee kwa mguu, maana Lushoto ukikaa kwenye gari unaziona kona tu.

Kufika sio kazi. Kutoka Dar na Tanga kuna mabasi ya moja kwa moja, ila kama unatokea Moshi au Arusha panda basi lolote linalopita barabara kuu ushuke Mombo, pale utapata Noah au kosta za kupanda juu, kilomita kama 33 ivi. Mombo ipo mita kama 400 kutoka usawa wa bahari na Lushoto ni kama 1,400, kwa iyo kwenye kasafari kafupi ivo unapanda kilomita nzima kwenda juu, kona inazaa kona, huku ukuta wa mwamba huku korongo. Kama gari huwa linakusumbua kaa mbele na usile chipsi mayai pale Mombo kabla ya kupanda, nakwambia kwa wema tu. Masikio yataziba kidogo, tafuna bigijii. Ukiona abiria wenzio wanaanza kutoa masweta kwenye mifuko ujue Soni, mji mdogo wa njiani, imekaribia.

Na we beba sweta. Watu wa Dar hamuaminigi hili mpaka ifike saa mbili usiku. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni baridi ya kweli, ile ya kulala na blanketi mbili na soksi, na masika mwezi wa tatu mpaka wa tano njia za udongo zinakuwa sabuni. Viatu viwe vyenye meno, na keshi ndogo ndogo mfukoni maana ukishatoka mjini chenji inakuwa shida.

Mji wenyewe ni mdogo, nusu saa umeuzunguka. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, jina la Kaizari wao, walikuja huku wakikimbia joto na malaria ya pwani, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 ndo kupanda kukawa rahisi zaidi kwao. Ukipita taratibu barabara kuu utayaona majengo ya zamani, kuta nene, usiyapite kama unakimbilia gesti. Chuo cha Uongozi wa Mahakama nacho kipo hapa kwa iyo usishangae jamaa mnayegombania naye chapati ya mwisho mgahawani akawa hakimu.

Soko linachangamka zaidi Alhamisi na Jumapili, panga siku zako ziguse mojawapo. Wamama wanashuka kutoka vijijini na makarai kichwani, kabichi, karoti, viazi, na kwa msimu wake plamsi, mapeasi, mapichi, kwa bei ambayo ukikumbuka ya Kariakoo unaumia moyo. Kabla ya kuuliza bei salimia, na iwe kwa Kisambaa. Asubuhi unasema "onga maundo", mchana "onga mshi", ukisalimiwa we unajibu "niwedi", na ukipewa kitu sema "hongea". Matamshi yako watayacheka, wacha wacheke, hapo hapo bei inashuka na unaongezewa mawili ya juu.

Haya, Irente. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, bodaboda zipo lakini we tembea, njia inapita Yoghoi kwenye mashamba na nyumba za watu, watoto wanakusalimia mpaka unachoka kujibu. Pale mlima unakatika ghafla, chini kabisa unaiona Mombo na Mazinde na barabara kuu malori yamekuwa kama siafu, na tambarare ya Umasaini inaenda mpaka macho yanakata tamaa. Kuna kiingilio kidogo. Kosa langu la kwanza nilienda asubuhi na mapema nikidhani ndo nitawahi, nikakuta weupe mtupu kama nimechungulia kwenye sufuria la tui, nikakaa masaa mawili nikarudi na picha ya mkono wangu mwenyewe. Nenda alasiri, kama saa kumi, ukungu wa asubuhi unakuwa umeshaondoka na jua linazama upande ule ule unaoutazama. Ila usikae mpaka giza bila tochi, na kwenye ukingo usicheze, hakuna cha kukuzuia.

Njiani usiipite Irente Farm, inaendeshwa na kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jamu na mkate wao wenyewe. Nunua uende ukale kule kwenye mawe. Mi sio mtu wa jibini kabisa lakini ile nilimaliza.

Siku ya pili iwe ya msitu wa Magamba. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa iyo kuna ada ya kulipa na unaingia na mwongozaji. Watu wanalalamikaga hapa kwamba msitu tu nao ulipie, lakini bila mwongozaji kinyonga hata mmoja hutamuona, nakuapia, unaweza ukawa umeinamisha uso sentimita kumi kutoka kwake. Yeye atanyoosha kidole tu, huyo hapo, ana pembe mbili puani. Mbega utawaona wenyewe juu wakirusha mikia myeupe. Uliza pia ua la Usambara, lile dogo la zambarau linalouzwa kwenye vikopo dunia nzima, asili yake ni milima hii, Mjerumani mmoja mtawala, Walter von Saint Paul, ndo alilipeleka kwao miaka ya 1890 na jina la kitaalamu likawa lake, Saintpaulia. Sasa usichanganye na Amani, ile ni Usambara Mashariki, unaipandia Muheza, kuna watu wameshuka Lushoto wakauliza Amani iko wapi.

Siku ya tatu shuka Soni. Maporomoko unayaona karibu na barabara, hayahitaji nusu siku. Cha kukupeleka kule ni Sakarani na Vuga. Sakarani ni misheni ya Wabenediktini, wana mizabibu na makadamia na wanatengeneza mvinyo. Jina limetoka kwa afisa wa Kijerumani, Tom von Prince, aliyekuwa na shamba hapo, Waswahili walimwita Bwana Sakarani, yaani kama mlevi, mlevi wa vita, na vita ndo vikammaliza Tanga Novemba 1914. Mapadri wakaja kupanda zabibu mahali panapoitwa mlevi, hapo mi sina la kuongeza.

Vuga ndo palikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Ukifika usitegemee jumba la kifalme, ni kijiji, na kama huna mtu wa kukusimulia utaona migomba ukarudi. Mtafute mzee, mwamkie vizuri, mwambie unataka habari za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akawa anawaua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama anawagawia watu, mpaka alipoua simba wakamwita Simba Mwene wakampa nchi. Kila mzee ana namna yake ya kuisimulia na ndo utamu wake, usimkatize. Mmisionari Krapf alifika kwa mfalme Kimweri mwaka 1848 akarudi tena 1852, kwa iyo wageni wa kuja na daftari wamewazoea zamani. Sukari na majani ya chai ni zawadi nzuri kuliko kumpa noti mkononi.

Mwenye siku ya nne aende Mtae, mwisho kabisa kaskazini, kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, pembeni yote ni shimo na hifadhi ya Mkomazi unaiona chini. Lala huko huko, usafiri wa kurudi unatoka alfajiri na ukiukosa ndo umekosa.

Kuhusu waongozaji, chukua kupitia vyama vyao vyenye ofisi mjini, wana kitambulisho, mkubaliane bei na chakula kipo au hakipo kabla hamjapiga hatua. Mi kuna mmoja alinifuata stendi tu, tukakubaliana kwa mdomo, kufika nusu ya njia bei ikapanda kama tulivyokuwa tunapanda sisi.

Kushuka nunua plamsi za mwisho Soni, sio Mombo. Na zile mbivu shika mkononi, ukiziweka chini ya siti mpaka Chalinze ni jamu.