Nyasi za pembeni uwanja wa gofu: kiangazi inua kisu

Ukitunza uwanja wa gofu ukanda wetu huu wa Dodoma, nyasi za pembeni mwa njia ya kuchezea ziache kati ya sentimita 5 na 8. Mpira wa gofu una kipenyo cha sentimita 4 na ushee, kwa hiyo mchezaji aliyekosea ukatua humo anaadhibiwa kwa pigo gumu, lakini akiinama anauona. Tangu 2019 kanuni inampa dakika 3 tu za kuutafuta. Ukoka ukifika vifundoni zote zinaishia kupekuapekua.

Mvua za Desemba zikikolea, ukoka hukimbia: kata mara kwa mara, usizidishe theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Kuanzia Mei, tafadhali sana, inua kisu cha mashine. Nimeona ukoka ulionyolewa kiangazi: mashina meupe, vumbi jekundu katikati.