Mgeni wa Wikipedia aanze na chanzo

Ukimkaribisha mtu kuandika Wikipedia, usimwanzishe na makala mpya. Mtafutie makala iliyopo yenye sentensi isiyo na chanzo, atafute kitabu au gazeti linaloithibitisha, kisha aongeze tanbihi. Hapo anajifunza jambo linalowashinda wengi: kila dai lionyeshe lilikotoka. Makala nyingi za wageni hufutwa kwa kukosa vyanzo, au kwa kuwa mtu kajiandika mwenyewe. Akishazoea, aandike rasimu kwenye ukurasa wake wa majaribio. Na tafadhali, akikosea usitengue hariri yake kimyakimya. Mwachie ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano, umweleze kosa liko wapi na litarekebishwaje. Wengi wakitenguliwa kimyakimya huondoka hapo hapo, wakidhani hawatakiwi.