Funga ardhi isijengwe, ubaki mmiliki wake: hatua za kufuata na amana ya ardhi

Nchini Marekani, mwenye ardhi anaweza kusaini mkataba wa uhifadhi na amana ya ardhi, yaani shirika lisilo la faida linalolinda ardhi. Shamba linabaki lako: unaweza kuliuza au kulirithisha. Ila masharti yanamfunga kila atakayelimiliki baadaye, milele. Usiharakishe.

1. Kaa na familia. Warithi ndio watakaoishi na mkataba huu.

2. Chagua amana. Angalia kama ina ithibati, kisha uliza swali wasilolipenda wengi: mna akiba ya kuendesha kesi mmiliki ajaye akivunja masharti?

3. Kagua hati. Kama shamba liko kwenye rehani, benki ikubali kwa maandishi kwamba haki yake itakaa nyuma ya mkataba. La sivyo, mnada unaweza kuufuta. Chunguza pia haki za madini. Huenda ni za mtu mwingine.

4. Andika masharti. Hapa tumia miezi ikibidi. Wengi huanza na makatazo. Mimi huanza na yale unayotaka kuendelea kuyafanya: kulima, kukata kuni, kuchimba kisima, kumjengea mtoto nyumba. Nyumba hiyo itajwe ukubwa wake na mahali pake pachorwe kwenye ramani. Ogopa maneno kama "kilimo cha kawaida", kwa sababu mjukuu wako na mkaguzi wa amana watayasoma tofauti. Kwa kawaida hulazimiki kuwafungulia watu lango.

5. Rekodi hali ilivyo. Picha, ramani na maelezo, vyote visainiwe na pande mbili. Ukaguzi wa kila mwaka utalinganishwa navyo.

6. Thaminisha, kama unatoa bure na unataka nafuu ya kodi. Thamani ya zawadi ni tofauti ya bei ya shamba kabla na baada ya masharti. Ripoti ya mthamini isitangulie utoaji kwa zaidi ya siku 60, na Fomu 8283, ya kutangaza zawadi zisizo za pesa taslimu, iambatanishwe na ritani yako ya kodi. Thamani hiyo unaweza kuikata kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 50 ya mapato ya mwaka, au 100 kwa mkulima anayekidhi vigezo, na salio ukalibeba hadi miaka 15 inayofuata. Mtu akikuuzia hisa za ardhi kwa ahadi ya nafuu inayozidi pesa ulizoweka mara kadhaa, mkimbie. Mamlaka ya kodi inawawinda.

7. Saini, kisha sajili kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti. Kuanzia hapo, kabla ya kumwita fundi yeyote, wapigie amana simu.